Mashine ya Mtu Mmoja

Mwezi uliopita nilikwenda Dumila kumzika Mama Tekla. Nilikwenda na lori langu mwenyewe, na mbao za jeneza nilizitoa ghalani kwangu, mninga mtupu, nikazipiga randa kwa mkono wangu, maana sikutaka mtu aliyenilisha alazwe ndani ya mbao za makasha ya sabuni. Watu wa msibani walinifahamu. Kuanzia Mikumi mpaka Kilosa, anayejenga nyumba ya maana ananijua, na asiyenijua huenda analala chini ya kenchi zangu bila habari. Lakini wajukuu wa marehemu hawakujua nilimfahamu vipi bibi yao. Mmoja, binti mwenye adabu anayeuza maharage pale njia panda, aliniamkia, nikaitikia marahaba, akaniuliza, "Mzee, wewe na bibi mlikuwa ndugu?" Nikamwambia hapana, tulikuwa majirani, enzi za Mwingereza, tukigawana ukuta mmoja kwenye kota za mkonge. Akasema, "Kumbe," akaenda kuniongezea chai. Mimi nikabaki pale kwenye mkeka, watu wanaimba tenzi, nami siimbi, naufikiria ukuta ule.

Habari za kuzaliwa kwangu na za wazee wangu kule Uhehe naziacha. Hazikunipa mtaji wala akili. Shule nilisoma madarasa mawili, la tatu nikaliona kwa dirishani, na yaliyobaki nilifundishwa na magogo. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, mwaka niliojifunza kuchagua mashine. Leo hii mtu akitaka kununua chensoo, msumeno wa mashine, hata awe bwana misitu mwenye vyeti, anapita kwangu kwanza. Nami humwambia mambo matatu: tazama uzito, tazama nguvu, halafu mtazame anayekuuzia, kwamba siku ikiharibika utamkuta wapi. Wao huandika kwenye karatasi, hushukuru, huenda zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilijifunzia wapi.

Kota za wapasua mbao zilikuwa mwisho wa kambi, upande wa mto. Zilikuwa mbali na korona, ile mashine ya kuchuna singa za mkonge, lakini si mbali kiasi cha kuikwepa harufu ya maji yake machachu, ambayo uliinusa hata ndani ya uji. Vyumba vilijengwa viwiliviwili chini ya bati moja, na ukuta wa katikati haukufika juu. Uliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu ili hewa ipite. Hewa ilipita kweli, na moshi, na harufu ya dagaa, na kila neno lililosemwa. Upande mmoja nilikaa mimi, kijana ambaye sijaoa, na kitanda cha kamba na sanduku la bati. Upande wa pili alikaa Kosmasi na mkewe, Mama Tekla. Tekla mwenyewe alikuwa bwenini kwa masista, akisoma, na jina lake lilitajwa kule ng'ambo ya ukuta kila jioni kama jina la mtakatifu. Nilikuwa sipiki. Mama Tekla alipika kwa watu watatu, na chakula changu kilikuja kwa juu ya ukuta. Ungeona kwanza vidole vyake, halafu sahani ya bati, halafu sauti, "Pokea, isije ikakumwagikia."

Kosmasi alikuwa Mngoni, mtu mzima wa makamo, nami Mhehe. Babu zetu walipigana vita vikali, na kwa sababu hiyo sisi ni watani. Kwa vijana wa leo wasiojua, mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia akaenda nayo, kumwita mkeo mke wake, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejifedhehesha. Kwa hiyo asubuhi zetu zilianza namna moja. Kabla sijakanyaga chini ningesikia kutoka ng'ambo, "Mtumwa wangu, umeamka?"

"Shikamoo, mkimbia vita."

"Marahaba. Nasikia mbwa wa nyapara hajaonekana tangu juzi. Hebu pumua hapa juu ya ukuta tukunuse."

"Mbwa hana neno. Ulizeni panya walikwenda wapi tangu mhamie hapa."

"Kunyweni uji kwanza," Mama Tekla angesema, "mtatukanana shimoni, kazi yenu hiyo hiyo." Halafu Kosmasi angecheka, na kicheko kingegeuka kikohozi, na kikohozi kingechukua muda mrefu kuliko kicheko.

Kikohozi alikitoa shimoni. Zamani zile mbao zilipasuliwa kwa mikono. Gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anasimama ndani ya shimo, na msumeno mrefu unapanda na kushuka katikati yao. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anavuta, na unga wote wa mbao unamwagikia usoni. Kosmasi alikuwa mtu wa chini tangu ujana wake, na unga wa mninga na mvule ulikuwa umejenga ndani ya kifua chake. Mimi aliniweka juu. Alisema Mhehe akiwekwa shimoni atadhani ni kaburi atoroke. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jicho. Mbao nilizofuata mimi ungeweza kuzilaza kifudifudi usione mwanga ukipita katikati. Hakuna jozi ya wapasua mbao kutoka Kimamba mpaka Mikumi iliyotufikia, na si mimi niliyesema hivyo peke yangu, ingawa nimelisema sana.

Mwaka ule masika yalipokwisha, meneja wa shamba, Mgiriki mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alituita wapasua mbao wote mbele ya ofisi. Alisema mashimo yatafukiwa. Mbao atazileta kwa treni kutoka kiwandani, anachotaka sasa ni kuni za boila, kuni nyingi, na miti ya kukata ipo vilimani kuelekea Mikumi. Atanunua msumeno wa mashine, mmoja tu. Watu wa kuufanyia kazi watakuwa mimi na Kosmasi. Wengine warudi kukata mkonge, asiyetaka aende kwao. Alisema pia kwamba wauzaji wawili wataleta mashine zao zijaribiwe, na sisi wenyewe tutamwambia ipi inafaa, kwa sababu mashine aliyochagua mwenyewe mwaka wa nyuma, pampu ya maji, wafanyakazi waliiua kwa kutoipenda. Wenzetu waliondoka. Kosmasi alinigonga bega akasema, "Mtumwa wangu, leo umepandishwa cheo, wewe na mbwa wako wote."

Siku ya majaribio Mgiriki aliweka kiti chake cha turubai kwenye kivuli cha gari. Mashine ya kwanza ililetwa na kijana wa Kizungu kutoka Dar es Salaam, mwenye soksi ndefu na meno mazuri. Iliteremshwa na watu wawili. Injini yake ilikuwa kubwa kama pipa la samli, na upanga wake, lile bapa la chuma ambalo mnyororo wenye meno hulizunguka, ulikuwa mrefu kama mtu mfupi. Mwisho wa upanga kulikuwa na mpini wa pili. Mmoja anashika injini, mwenzake anashika mkia. Ilipowashwa ndege waliruka mpaka ng'ambo ya mto. Tuliiegemeza kwenye gogo la mkongo, mti mgumu ambao ungetuchukua asubuhi nzima, likakatika kama muhogo uliochemshwa. Mgiriki aliinuka kitini. Sikatai, nguvu ile ilinitia baridi mgongoni.

Ya pili ililetwa na Mhindi wa Kilosa tuliyemwita Bwana Vipuri, aliyekuwa akitengeneza baiskeli na mashine za kusaga. Aliileta imefungwa kwenye kerea ya baiskeli. Jambo hilo peke yake lilinitosha mimi, lakini watu walicheka. Ilikuwa ya mtu mmoja, na injini ndogo iliyolia kama nyigu. Kwenye mkongo ilisongwa, ikazima, ikawashwa tena. Ilimaliza, lakini kwa mwendo wa mtu anayetafuna bila meno. Mgiriki akapiga miayo. Bwana Vipuri hakujali. Alifungua mkebe wa biskuti, ndani mlikuwa na minyororo, plagi, kamba za kuwashia, vyote vimevingirishwa kwenye magazeti. "Bwana Mkubwa," alisema, "mti umelala chini, haukimbii. Saa moja zaidi, utakatika. Lakini mashine ikikataa kesho, huyu kijana yuko ndani ya treni. Mimi nakwenda wapi? Duka hapa, nyumba nyuma ya duka. Gonga tu."

Nilimwomba Mgiriki amuulize yule kijana: mnyororo ukikatika au gurudumu likivunjika, tufanye nini? Kijana alicheka na meno yake mazuri, akajibu, Mgiriki akatutafsiria: haivunjiki. Mimi niliposikia haivunjiki nikajua imekwisha kuvunjika, bado siku yake tu.

Halafu nikafanya jambo ambalo nalifanya mpaka leo. Uzito wa mashine haupimwi kwa kuinyanyua. Kila mwanamume hunyanyua mbele ya watu. Nilimwomba Mama Tekla chai, birika na vikombe. Nikaibeba ile ndogo mpaka juu ya kilima nyuma ya kambi, nikashuka nayo, nikaiweka, nikashika kikombe kilichojaa. Haikumwagika. Tukaibeba ile kubwa, mimi na Kosmasi, njia ile ile. Tuliporudi nilishika kikombe, mkono ukacheza kama wa mlevi, chai ikanichoma kidole. Mashine ikikunyima mkono wa kunywea chai, itakunyima na mkono wa kuishikilia ikiwa inakata. Kosmasi alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi. Alipoipata alisema, watu wote wasikie, "Mmewahi kuona? Mhehe anapima mashine kwa chai! Akinunua ng'ombe atampima kwa mchuzi?" Wakaanguka kwa kicheko. Na alipoulizwa yeye anaipenda ipi, akasema neno la wapasua mbao wote wa zamani: msumeno mzito hujikata wenyewe.

Neno hilo ni la kweli, shimoni. Msumeno wa shimo ukiwa mzito unashuka kwa uzito wake, mtu wa chini anausindikiza tu. Lakini mashine hakuna shimo linaloivuta. Kila ratili yake unaishikilia wewe, mlimani, na mguu uko kwenye majani yanayoteleza. Nilidhani Kosmasi halijui hilo. Nilimwona mzee wa mambo ya kale, nikapanga jioni nimweleze.

Jioni ile nilikuwa nimekaa kitandani nasubiri sahani. Nilisikia mwiko ukikwangua sufuria, halafu Mama Tekla akisema kwa upole, "Kwani ile ndogo ina ubaya gani? Mwenzako anaipenda, na ni kijana mwenye akili."

"Haina ubaya," Kosmasi alisema. "Ile ndogo ndiyo nzuri."

"Sasa?"

"Ni mashine ya mtu mmoja, mama. Na huyo mmoja si mimi. Mimi nakohoa nikifunga viatu."

Mwiko ukanyamaza. "Utakata mkonge," mkewe akasema.

"Kwa kifua hiki? Nitashindwa kumaliza kipande cha siku, wataniondoa. Na kota hii watampa nani? Na Tekla atoke kwa masista aje kufanya nini, kunifukuzia nzi? Ile kubwa inataka watu wawili. Itake watu wawili, basi, Mungu aibariki."

Mama Tekla akapakua. Baadaye kidogo niliona vidole vyake juu ya ukuta, halafu sahani. "Pokea, baba," alisema. Ilikuwa ugali na mlenda, na kipande cha samaki ambacho sijui kama wao walibakiwa nacho. Nimekula kwenye hoteli za Morogoro na za Dar es Salaam, nimekula na wakubwa. Chakula kilichonishinda kumeza ni kile.

Nilifikiri mpaka nikapata njia, kwa sababu mimi sikosi njia. Mnyororo wa mashine una meno mengi madogo, na yakiwa butu mashine inakula mafuta bure. Yanataka kunolewa kwa tupa mara kwa mara, jino kwa jino, na hakuna aliyenoa kama Kosmasi. Kwa hiyo tuchukue ile nyepesi, mimi nikate, yeye anoe. Kesho yake tulikuwa tunafukia shimo letu, pamoja na wenzetu. Nikamsogelea nikasema, "Kosmasi, leo natoa utani."

Akaegemea koleo. "Jamani, njooni! Mhehe ametoa utani. Angalieni chini, asije mtu akaukanyaga."

"Nasema kweli. Tukipata ile ndogo, kazi itabaki ya watu wawili. Wewe utanoa. Utakaa kwenye gogo, kivulini, vumbi halikufikii. Nitamwambia Mgiriki siondoki bila mtu wa tupa."

Alinitazama. Nadhani kwa kitambo kidogo alinisikia, kwani alishusha macho kwenye koleo lake. Lakini wenzetu walikuwa wamekwisha kutuzunguka, watu wanaofukuzwa kazi, wenye njaa ya kucheka. Mmoja akapiga kelele, "Kaka Kosmasi, umeposwa hiyo!" Mwingine akasema, "Muulize mahari!" Naye Kosmasi afanye nini? Mtani ameitwa uwanjani. Akanyoosha mgongo akasema, "Mnasikia? Anataka nikae kivulini nimnolee kisu, yeye akachinje mbwa wake. Nimekataa. Mngoni hatunzi jiko la Mhehe." Kicheko kikavuma mpaka kwenye miti. Nami nikacheka. Nisingecheka ingekuwa nimekasirika, na kukasirika ndilo jambo moja nililokatazwa.

Nilijaribu tena kwa juu ya ukuta. Nilijaribu tena njiani tukienda kuchukua posho. Kila mara nilipata jibu zuri, la kuchekesha, ambalo hata leo nikilikumbuka natabasamu. Adui yangu ningemtafutia mzee wa kutusuluhisha, na ndugu yangu ningemkalisha chini. Mtani hana mlango huo. Miaka yote tulikuwa tumeambiana kila neno baya, mpaka hapakuwa na neno lililobaki la kusema jambo la kweli.

Mgiriki alipotuita, alimuuliza mkubwa kwanza. Kosmasi akasema nzito. Akaniuliza mimi. Nikasema nyepesi, nikataja sababu zangu tatu, uzito, nguvu, na duka la karibu, na nikasema kwamba kazi ni ya watu wawili, mmoja wa tupa. Nilisema vizuri, bila kigugumizi, kofia mkononi. Mgiriki alicheka. "Wewe unataka mashine ya kubebwa na baiskeli," alisema. "Mwenzako ana ndevu, anajua." Ukweli alikuwa amekwisha kuchagua tangu alipoinuka kitini.

Basi tukapanda lori na ile kubwa, tukaanza kukata vilimani. Siwezi kusema uongo, majuma ya kwanza yalikuwa ya sherehe. Kuni zilipangwa kama ukuta wa boma. Kosmasi alitamba kambini, akasimulia mikongo ilivyoanguka, akaigiza mlio kwa midomo. Lakini mlimani mashine ya watu wawili inataka mmoja awe juu na mmoja chini. Injini ilikaa juu na mimi. Kosmasi alishika mkia upande wa bondeni, na unga wote ukamwendea yeye. Alikuwa mtu wa chini tena, bila shimo. Mbung'o walituuma, wala huwezi kumpiga mbung'o ukiwa umeshika mpini kwa mikono miwili. Kila baada ya mti tulibeba ule mzigo kwenda kwenye mti mwingine, kama watu wanaohamisha mgonjwa asiye na kitanda. Wakati wa chai nilikuwa nashika kikombe kwa mikono yote miwili. Kosmasi hakukishika kabisa. Alikiweka juu ya jiwe, akapiga magoti, akakiendea kwa mdomo. Nilimtukana, nikamwambia mbwa niliokula walikunywa hivyo hivyo. Akacheka, chai ikampalia, nikampiga mgongoni mpaka ikatulia. Mgongo wake chini ya shati ulikuwa kama ubao wa kufulia.

Kiangazi kilipokolea, gurudumu la meno linalozungusha mnyororo likapasuka. Tulipeleka habari Dar es Salaam. Jibu lilikuja kwamba yule kijana amekwenda kwao likizo, na kipuri kitakuja kwa meli. Mgiriki alinituma Kilosa kwa Bwana Vipuri. Alivaa miwani, akaligeuza lile gurudumu kwenye kiganja, polepole, kama daktari anayetafuta namna ya kusema. "Huyu si mtoto wangu," alisema. "Angekuwa wangu, jioni hii angelala nyumbani." Nilirudi na gurudumu mfukoni. Njia nzima nilijiambia nilikuwa sahihi, mambo yote matatu nilikuwa sahihi, na kila nilipojiambia liligonga paja langu.

Boila haisubiri meli. Tulipewa shoka na msumeno wa kukokotana, ule wa kuvuta mmoja huku na mwingine kule, na nyapara akawekwa juu yetu. Ndipo nilipomwona Kosmasi akifanya kazi kwa namna ya kutisha. Mashine ilikuwa chaguo lake, watu walijua, na waliorudishwa kwenye mkonge walianza kumwuliza njiani, ule mzito unajikata wenyewe wapi siku hizi? Naye hakutaka mti wowote uchelewe. Nilivuta kwa pole ili apumue, akanitukana kwamba nalala. Nikavuta kwa nguvu, midomo yake ikawa rangi ya majivu. Jioni, ng'ambo ya ukuta, sikusikia tena mazungumzo ya Tekla. Nilisikia kifua kikipiga filimbi, na Mama Tekla akichemsha majani, na sufuria likifunikwa na kufunuliwa. Alimpeleka hospitali ya misheni kule Berega. Walimtibu vizuri, wakampa dawa, wakamwambia apumzike. Akarudi kazini.

Mgiriki alichoka kungoja. Akamwita Bwana Vipuri, naye akaja na baiskeli yake, mashine ndogo kwenye kerea, mkebe wa biskuti shingoni kwa kamba. Nilipokabidhiwa nilisimama pale pale nikasema siondoki bila mtu wa tupa. Mgiriki alikuwa na kuni za siku mbili tatu tu uani, na mtu wa kuiendesha ile mashine alikuwa mmoja, mimi. Akatupa mkono hewani, akasema mchukue, mchukue. Kwa hiyo nilishinda. Kosmasi alibaki na kazi, kota ikabaki, Tekla akabaki kwa masista mpaka mwisho wa mwaka ule. Vijana wangu wa kazi wakiniuliza ni lini nilianza kuwa mtu wa kusikilizwa, huwatajia siku hiyo.

Kosmasi alikufa kabla mvua za vuli hazijashika. Kota ilichukuliwa baada ya msiba, na Mama Tekla akaenda kuanza maisha Dumila, akipikia wasafiri. Lakini mimi siihesabu siku aliyokufa. Naihesabu asubuhi moja kabla ya hapo, vilimani, baridi bado ipo kwenye majani. Alikuwa amekaa juu ya gogo, blanketi begani, mnyororo mapajani, akinoa. Alinoa vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwajiri. Ile mashine ndogo iliyosongwa na mkongo siku ya majaribio, kwa meno aliyoyanoa yeye ilipita kama wembe. Tangu alfajiri hakuwa amenitukana. Sikusikia mtumwa, wala mbwa. Nikaona nimchokoze. Nikamwambia, "We Mngoni, mkimbia vita, babu zako walipowaona babu zangu waliacha ngao na viatu."

Alipuliza unga wa chuma kwenye jino, akasema, "Ni kweli."

Nilidhani anajipanga. Nikangoja. Akahamia jino linalofuata. Nikamtupia tusi jingine, kubwa, la kumhusu yeye na kazi ya kukaa kivulini kama mwali, tusi ambalo zamani lingemfanya arushe koleo na kuita mashahidi.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. Akanipa mnyororo. "Huo tayari. Kata."

Nikaufunga kwenye upanga. Nikavuta kamba mara moja tu, ikawaka, nami nikaiachia ingurume palepale, bila mti mbele yangu, mlio wake ulifunike lile neno.